Sakafu Yangu na Macho ya Asya

Jumatatu, 9 Septemba

Daktari amesema niandike kila nitakapoweza. Si kwa ajili ya mtu kusoma, ni jicho langu lizoee kufuata mstari. Kanipa kalamu nene nyeusi, ile wanayoandikia mabango, na kanitaka nipige mistari kwa rula kwanza. Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto aliyeanza skuli jana.

Niliaga kwamba nakwenda mjini Chake kupima presha. Presha nilipima pia, nisiwe mwongo.

Daktari Saada umri wake haumfikii hata mwanangu Ummkulthum, lakini ana subira. Nilikuwa naomba iwe mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukatwa. Mzee Jaribu alikatwa, wiki ya pili akawa anagombana na watu juu ya nazi zake zilizo mnazini. Daktari akasema hapana, bibi, jicho lako la mbele safi. Nyuma ya jicho pana kama pazia, na katikati ya pazia ndipo tunapotambulia sura na kusomea. Hapo kwako pamechakaa, macho yote mawili. Pembeni pazima.

"Nitakuwa kipofu?"

"Giza kabisa, hapana. Utatembea, utapika. Sura za watu na maandishi ndiyo yatakusumbua."

"Dawa?"

"Ya kurudisha kilichokwisha, hatuna. Ila ipo aina nyingine ya ugonjwa huu inayovujisha damu, hiyo huja ghafla na inatibika ikiwahiwa. Ndiyo maana nakupa karatasi hii." Karatasi ya miraba, ina nukta katikati. Niitazame kila asubuhi, jicho moja moja. Mistari ikipinda kuliko ilivyo sasa, nije siku ile ile.

"Daktari, kazi yangu mimi ni macho."

"Kazi gani?"

Nikamwambia. Kijijini kwetu Wambaa, mwenye sakafu ya kuanikia karafuu nyuma ya nyumba ni mimi. Saruji nimenunua mwenyewe. Baba yangu alikuja kutoka bara kuchuma mikarafuu ya watu, na mimi nilianza kwa kuokota zilizoanguka chini ya mikarafuu hiyo hiyo. Leo wachumaji wananiletea mimi. Nakagua kama zimekauka, kama zimebaki makonyo, vile vikonyo vyake, kama zimeshika ukungu, ndiyo zinatiwa magunia zinakwenda kituoni kuuzwa.

"Basi tutafute njia nyingine ya kukagua," akasema, kama vile njia zipo sokoni.

Sitamwambia mtu. Mume wangu, Mzee Hafidh, amekwisha kusema mara mbili mwaka huu: "Mwatima, umechoka sasa, mwachie bi mdogo." Bi mdogo ni Asya. Nyumba yake na yangu zinatazamana, uwanja ni mmoja. Wakijua habari ya macho, sakafu imekwenda kwake, na mimi nitabaki mke wa zamu na chungu.

Jumanne, 10 Septemba

Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, ninakofungua mimi tu. Miraba: vilevile kama jana.

Jumapili, 15 Septemba

Zimeanza kuingia. Pandu, msimamizi wa wachumaji, amekuja na mzigo wa kwanza kabla ya adhuhuri, mbichi, rangi ya waridi kwenye vichwa. Rangi bado naiona. Rangi ndiyo rafiki yangu aliyebaki.

Asya amekuja "kutazama tu". Akasimama pale pale wanapoingilia wachumaji. Kila aliyeingia akampa yeye salamu mwanzo. Bi Asya hujambo, Bi Asya za masiku. Mimi mwenye sakafu nilipata zilizobaki. Hivi anajua anaposimama, au miguu yake inampeleka yenyewe mahali penye salamu?

Miraba: vilevile.

Ijumaa, 20 Septemba

Mzee Hafidh amerudi msikitini na kofia mpya kichwani. Akaivua akanipa mkononi.

"Hebu itazame kazi ya bi mdogo. Viua vile! Tundu hizo hata ncha ya sindano inaomba ruhusa."

Nikaigeuza. Nikaitazama muda ule ambao mtu mwenye macho angeitazama. Mbele yangu palikuwa na wingu jeupe lenye wingu jingine katikati.

"Nzuri," nikasema.

"Nzuri tu? Wee Mwatima, sifa kwako zinatoka kwa koleo."

Asya ana miaka hamsini na minane. Mimi sitini na tatu. Mitano tu baina yetu, na yeye anashona tundu ambazo siku hizi wasichana wanashindwa. Anatunga uzi bila miwani, mara moja, umepita. Kila asubuhi Khairat, jirani yetu, anakwenda kukaa barazani kwake na wanacheka. Wananicheka mimi, wananicheka nini, sijui.

Na zamu. Wiki hii siku mbili hizi zilikuwa zangu. Lakini magharibi mpaka isha zote mbili Mzee alikuwa kwa Asya anapimwa kichwa. Kichwa chenyewe kimoja, hakijanenepa tokea tumeoana. Kinapimwa mara ngapi?

Alhamisi, 26 Septemba

Jua zuri. Nimekata vitunguu na kidole pamoja. Nimesema kisu kiliteleza. Miraba: vilevile.

Jumamosi, 5 Oktoba

Ya kuishi na macho haya, yapo niliyoyaokota mwenyewe na yapo aliyonifundisha Daktari. Chupa ya chumvi nimeifunga raba, ya sukari haina. Chai ya rangi naitia kikombe cheupe, maziwa nayatia kikombe cheusi, hivyo naona kinapojaa. Wali nimeuhamishia sahani za buluu. Mzee kauliza sahani nyeupe zimekwenda wapi, nikamwambia zimechoka. Nakaa dirisha likiwa nyuma ya bega, mwanga uje kwenye kazi usinipige usoni. Karafuu nazimwaga kidogo juu ya kanga kuukuu nyeupe: makonyo nayaona yanavyokaa vibaya. Ukavu naupima kwa kidole. Iliyokauka inakatika kwa mlio, ambayo bado inapinda.

La ukungu sijalipatia njia. Ukungu ni mdogo, mweupe, na unakaa katikati.

Na lipo la kutazama pembeni. Daktari alisema, ukitaka kuiona pua ya mtu, tazama sikio lake. Ile sehemu nzima ya jicho ndiyo itakayoona. Nimejizoesha kwa paka, halafu kwa Mzee Hafidh alipolala mchana. Kweli, nilimwona. Amezeeka. Lakini mtu aliye macho huwezi kumfanyia hivyo, atakwambia unamdharau.

Kwa hiyo watu nawajua kwa kanga na mwendo. Pandu ni shati la kijani na kikohozi. Khairat ni kanga ya njano, anapenda njano kama kuku anavyopenda mchele. Asya ni nyekundu na nyeusi, daima, kwa sababu mtu fulani alimwambia miaka iliyopita kwamba inampendeza. Ya kumpendeza inanifaa mimi: nikiona nyekundu najua kimekuja kile kinachoniudhi.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo tumegombana mbele ya watu. Asya kasimama uani, na sauti yake ile ya kuimbia maulidi.

"Bi Mwatima, mimi nakuamkia wewe, wewe unaamkia mlango."

"Nimekuitikia."

"Umeuitikia mlango. Hunitazami. Hata ukinipa sahani unamtazama mtu wa nyuma yangu, na nyuma yangu hapana mtu. Nimekukosea nini mwaka huu? Mwaka huu, kwa sababu makosa ya miaka mingine nayajua."

Wanawake waliokuwa wanachambua karafuu wakageuka wote. Nikasema nina kazi, sina muda wa kutazama watu kama picha. Wakacheka kidogo. Asya hakucheka.

Mzee baadaye: "Mtazame mwenzio, Mwatima. Kumtazama mtu kuna gharama gani?"

Anapomtetea hivyo mtu mwingine, nasikia kama kitu kinanikwaruza hapa chini ya mbavu. Hajawahi kumwambia Asya anitazame mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Hatukutarajia mapema hivi. Sakafu imejaa, zilikuwa zimebakisha siku moja. Tumekimbia wote na maturubali. Asya naye kakimbia, sikumwita. Kashika ncha ya upande wa kwake akafunga.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua. Nimeingiza mkono chini ya turubali: joto. Kuna harufu. Nafikiri ni gunia.

Jumapili, 20 Oktoba

Jua. Tumezifunua, nimezigeuza kwa mkono sakafu nzima, mgongo hauna nguvu tena. Kwa kidole zinakatika. Miraba: vilevile.

Jumatano, 23 Oktoba

Magunia yamerudishwa.

Tokea nianze kazi hii, gunia langu halijawahi kugeuzwa kituoni. Pandu aliingia uani na gari lile lile alilotoka nalo, na sikumwelewa, nikadhani amesahau kitu.

"Yamekataliwa, Bi Mwatima. Yote. Yana ukungu."

"Ukungu gani? Nimezipima."

"Mweupe. Yule mpimaji kanimwagia mkononi mbele ya watu. Hata mimi nimeuona, na mimi si mtaalamu." Kikohozi chake. "Nilidhani umeuona."

Mzee Hafidh akatoka. Asya akatoka. Khairat kwenye uzio wake. Wote nikawajua kwa rangi, na rangi zote zilikuwa zimesimama zinanitazama. Kama ningesema sikuuona, wangeuliza kwa nini. Nikasema:

"Muulizeni aliyefunga turubali. Upande wa Asya ulifungwa kwa chini, hapakuwa na pa kupitia hewa. Karafuu zimepikika."

"Mimi?" akasema Asya.

"Ni nani mwengine aliyeshika ncha ile?"

Pandu kanyamaza. Pandu akinyamaza ndiyo ameamini. Nikaiona nyekundu na nyeusi inarudi nyumbani kwake, polepole, haikujibu. Hilo ndilo lililonishinda. Asya siku zote hujibu.

Mzee kasema Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, tutakaa kikao: mimi, yeye, Asya na Pandu. Tuamue nani ashike sakafu mpaka msimu uishe, maana wachumaji wameanza kusema watapeleka karafuu zao kwengine.

Karafuu zilizorudi nimezimwaga juu ya kanga nyeupe. Juu ya nyeupe, ukungu mweupe. Mjinga mimi. Nikatandika kanga nyeusi, nikatazama pembeni, ukajitokeza. Ulikuwapo siku zote.

Jumamosi, 26 Oktoba

Khairat ana mafua, sauti imemkauka, alinipungia mkono tu. Wachumaji wawili hawakuleta. Miraba: vilevile.

Jumapili, 27 Oktoba

Naandika hili kabla sijalibadilisha kichwani.

Adhuhuri ilinyesha tena, ya ghafla, ikakata. Wanawake walikuwa wameroa wakaenda zao. Baada ya alasiri nikakaa chini ya banda peke yangu na rundo lililobaki, nachambua. Ikaja kanga ya njano ikakaa kando yangu, ikavuta pakacha.

"Khairat, mafua yamepungua?"

Akaguna. Nikamwambia asiseme, apumzishe koo. Tukachambua. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Na sijui ni ule ukimya wake, au ni siku zote zile za kubeba jambo peke yangu. Nikaanza.

Nikasema, "Ijumaa watanivua sakafu, Khairat."

Akaguna tena.

"Na wana haki, hilo ndilo linalonitafuna. Macho yangu yamekufa katikati. Wewe uliyekaa hapa, naiona kanga yako, sura yako siioni. Naona shimo. Nikienda Chake siendi kwa presha. Na ukungu ule ni wangu. Harufu niliisikia siku ya tatu ya mvua, nikajidanganya ni gunia. Asya hakufunga vibaya. Mimi ndiye nisiyeona."

Mkono wa kando yangu ukasimama, halafu ukaendelea.

"Namwonea wivu, unajua? Vibaya. Si kwa mume. Mume tumekwisha kumgawana, kila mtu ana mfupa wake. Ni macho. Anakaa pale barazani anatoboa tundu za kofia, mimi nashindwa kumjua paka wangu akiwa juu ya mkeka. Huwa nasema moyoni: Mola wangu, yeye wa sindano tu umempa, mimi wa sakafu nzima umenipokonya. Na wakimpa hii sakafu, Khairat, nitaondoka Wambaa. Nitakwenda kwa Ummkulthum Unguja nikakae kwenye kochi mpaka nife."

Karafuu zinaanguka kwenye pakacha.

"Mimi si Khairat."

Nilijua sauti ile kabla haijamaliza. Ni Asya.

"Kanga ni yake. Yangu imeroa, nimeazima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulikuwa unasema wewe. Miaka thelathini na moja nimeolewa hapa, hujanipa maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nikaona nisiyakate."

Nilitaka kuinuka. Badala yake nikachambua karafuu ile ile mara ya pili.

"Ndiyo maana siku ya Idi ulinimwagia chai," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia Khairat umenimwagia kusudi."

"Hiyo ilikuwa nusu kusudi."

Akacheka kwa pua. Halafu kicheko kikaisha, akaweka pakacha chini.

"Sasa nisikilize, bi mkubwa. Macho ni yako. Ukitaka kuyasema utayasema, hutaki, basi, mimi si mpiga zumari. Lakini ukungu umenibebesha mimi. Pandu ananipita kama mtu aliyemwibia. Mzigo huo utanishushia Ijumaa, mbele ya wale wale. Usiponishushia, naushusha mwenyewe, na ukishuka utashuka na macho yako."

Akaondoka na kanga ya njano. Hakunipa hata nafasi ya kusema samahani, na sijui kama ningeisema.

Jumatatu, 28 Oktoba

Zamu yake Mzee ilikuwa kwangu. Nimemvizia kwa maneno usiku kucha, nione kama ameambiwa. Nimemuuliza, "Asya hajambo?" Kasema, "Ana lipi?" Hajaambiwa.

Jumatano, 30 Oktoba

Bado hajasema. Anajua kunyamaza kuliko mimi. Hilo nalo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimepiga hesabu kila namna. Nikisema ukweli, sakafu inakwenda. Nisiposema, inakwenda na heshima yangu nyuma yake. Jibu moja, njia mbili. Miraba: vilevile.

Ijumaa, 1 Novemba

Tulikaa barazani kwangu. Mzee Hafidh juu ya kiti, Pandu kwenye ngazi, Asya kwenye mkeka mkabala na mimi, leo nyekundu na nyeusi.

Mzee kaanza kwa dua ndefu. Alipofika amin, nikasema kabla hajavuta pumzi nyingine.

"Ukungu haukutoka kwa Asya. Alifunga vizuri. Ukungu ni wangu, sikuuona, kwa sababu siuoni. Na wewe Mzee, hapo ulipo, siioni sura yako. Naiona kofia."

Nikawaeleza yote, kutoka karatasi ya miraba mpaka raba ya chupa ya chumvi. Mzee akawa anasema Subhana Llah, Subhana Llah. Pandu akawa wa kwanza kupata maneno.

"Kwa hiyo siku zote hizi unanipita njiani, hukuwa umenuna?"

"Sikuoni, Pandu. Mpaka ukohoe."

"Basi mimi nimekusengenya kwa watu wengi, Bi Mwatima. Itabidi nianze kuzunguka kijiji."

Mzee Hafidh hakucheka. Alikuwa na huruma kwenye sauti, na huruma ile niliiogopa kuliko ukali wake. "Mwatima, ungeniambia. Sasa hesabu imekuwa rahisi. Wewe pumzika. Asya atashika sakafu."

Nilijua, na kujua hakukupunguza kitu.

"Nani kakwambia naitaka?" akasema Asya.

"Hee?" akasema Mzee.

"Nikae juani mchana kutwa, navunja karafuu moja moja kwa kidole? Kofia zako nani atashona? Pandu? Mimi karafuu sizijui. Nikizishika zote naona sawa. Nipe sakafu leo, kesho kutwa magunia yanarudi hata bila mvua."

Nilipaswa kumshukuru. Sikuweza. Nilikuwa namtazama, yaani natazama sikio lake, sioni kitu kwa hasira, na nasikia wivu mpya kabisa umepanda: kitu ninachokililia mimi, yeye anakisukuma kama uji uliopoa.

"Ila ukungu nauona," akaendelea. "Hilo ni la macho tu, halitaki akili. Naweza kuja asubuhi kabla ya kuanika na jioni kabla ya kutia gunia. Natazama, nasema upo au haupo, basi. Mengine anayajua mwenyewe."

Mzee akasema, "Lakini mimi nilikuwa nimeamua..."

"Unataka nini?" nikamuuliza Asya. Simwachii mtu kunipa kitu bure, bure huwa inarudi.

"Kivuli. Upande ule wa mlango wa sakafu, nipigiwe banda dogo la makuti nishone pale. Barazani kwangu jua linanipiga mpaka alasiri."

Upande wa mlango. Pale pale kwenye salamu za wachumaji! Nikatamani kukataa. Nikafikiri juu ya magunia.

"Utapigiwa. Lakini hutii mkono kwenye karafuu zangu."

"Sina haja nazo, zinanipa chafya."

Mzee Hafidh akabaki ameshika msahafu wake wa mfukoni, kikao kimemkimbia. Pandu akaenda kutafuta makuti.

Jumamosi, 2 Novemba

Khairat kaja, sauti imerudi, kanga ya njano. Nimemwambia aseme jina lake kwanza kabla ya kukaa. Tumecheka mpaka kaanza kukohoa.

Jumanne, 12 Novemba

Magunia yamekwenda kituoni, daraja la kwanza, hakuna lililogeuzwa. Wachumaji wawili wale wamerudi.

Kazi inakwenda hivi. Asubuhi Asya anapita sakafu mara moja, anasema, "Haupo." Jioni nazitandaza juu ya kanga nyeusi, mimi natazama pembeni, yeye anatazama mbele. Leo mimi ndiye niliyeuona mwanzo, punje tatu kwenye kona.

"Pale," nikamwonesha.

"Wapi? Ah. Ndiyo. Umeuonaje wewe?"

"Kwa kutoutazama."

Nilijisikia vizuri, mpaka wachumaji walipoingia na wote wakaanza: Bi Asya hujambo.

Mzee Hafidh ameanza kulalamika. Kaja mpaka bandani: "Nyinyi wawili mnacheka huku tangu asubuhi, na mimi chai nimejipikia." Asya akamwambia sukari iko kwenye chupa isiyo na raba. Kaondoka anasema tumemgeuka. Na yeye aonje kidogo.

Jumatatu, 25 Novemba

Chake kwa Daktari Saada. Asya kafuatana nami, kwa kisingizio cha kununua uzi. Nimepewa kioo cha kukuzia chenye taa, naweza kusoma aya moja kabla ya jicho kuchoka. Nimesoma moja ya Yasin pale pale kliniki, Daktari akaningojea mpaka nikamaliza. Simu yangu kaiweka inasema majina kwa sauti. Kasema nile mboga za majani na samaki, nikamwambia Wambaa hatuna kingine.

Akamsifu Asya: "Bibi, umepata msaidizi mzuri."

Nikasema, "Na yeye kapata kivuli."

Jumamosi, 30 Novemba

Karafuu zinapungua. Miraba: vilevile.

Jumatano, 11 Desemba

Gunia la mwisho limeshonwa mdomo. Pandu kaondoka nalo anapiga honi njia nzima kama harusi. Sakafu imebaki tupu, imefagiwa, ina harufu itakayokaa mpaka mwakani.

Nimekaa bandani na Asya kwa mara ya kwanza mimi sina kazi mikononi. Jua lilikuwa nyuma ya bega langu, linampiga yeye usoni. Alikuwa anashona. Nikasema moyoni, tumekaa hapa wiki sita na sura yake sijaitafuta hata siku moja, nimeridhika na nyekundu na nyeusi. Nikamtazama sikio.

Ikaja polepole, kama Daktari alivyosema. Shavu. Pua. Kitu kinachong'aa juu ya pua.

"Asya, hicho ni nini?"

"Nini?"

"Usoni kwako."

"Miwani."

"Ya nani?"

"Yangu. Hee, bi mkubwa! Mwaka wa nne huu navaa. Bila hii siioni hata kofia yenyewe, sembuse tundu."

"Na uzi? Nani anakutungia?"

"Khairat. Kila asubuhi huja kunitungia sindano za siku nzima, azichome kwenye mto. Wewe ulidhani anakuja kufanya nini?"

Sikumjibu nilichodhani. Msimu mzima nimekonda kwa macho ambayo hana.

Akaivua, akaipangusa kwa pembe ya kanga, akaivaa tena, akaendelea kushona. Na hapo, wallahi, wivu ukanirudia upya, safi kama wa siku ya kwanza: yeye miwani inamsaidia. Mimi hakuna miwani duniani itakayonisaidia.

Halafu nikapiga hesabu, siwezi kujizuia. Macho yangu yalianza kuharibika mwaka juzi. Miwani yake ina mwaka wa nne. Kwa hiyo upo mwaka mzima, zaidi kidogo, ambao mimi naona vizuri na yeye anatembea uani kwangu na miwani usoni, ananipa salamu, ananipokea sahani, na mimi sikuiona.

Nimeirudia hesabu mara mbili. Inatoka vilevile.

"Unanitazama?" akauliza Asya, maana macho yangu yalikuwa yameelekea kwenye nguzo ya banda.

"Nakutazama," nikasema. "Kaa hivyo hivyo."